Picha za Kale na Wenyewe Watatu

Katika nyumba nyingi za mijini, juu ya kabati la vyombo au ukutani karibu na kalenda, hutundikwa picha moja ya zamani. Aghalabu ni ya babu aliyevaa kanzu na koti, au ya bibi aliyeketi kitini, mikono magotini, akitazama mbele pasipo tabasamu. Watu wa nyumba hiyo wakiulizwa picha ile ni ya nani, hujibu bila kusita kwamba ni yao. Jibu hilo ni la kweli kwa upande mmoja, lakini ni pungufu kwa pande nyingine mbili. Leo, ndugu msomaji, tuzungumze juu ya pande zote tatu, maana picha za wazee wetu siku hizi zimeenea vitabuni, makumbushoni, katika kalenda za makampuni na katika simu za mkononi, na kila zinapotokea huzuka swali lile lile: nani ana haki ya kuzitolea nakala, na nani anastahili kulipwa?

Kila picha ya kale ina wenyewe watatu. Wa kwanza ni mwenye karatasi, yaani yule aliyenayo picha kama kitu cha kushikwa mkononi, iwe ni albamu, kadi ya posta, filamu, au kioo cha zamani kilichopakwa dawa. Wa pili ni mwenye kazi, yaani mpiga picha mwenyewe, au aliyemwajiri, au warithi wao. Haki ya huyu ndiyo iitwayo hakimiliki, na hiyo ndiyo inayomwezesha kuruhusu au kukataza picha isinakiliwe na kuchapishwa. Wa tatu ni mwenye uso: yule aliyesimama mbele ya kamera.

Watu wengi huwachanganya wawili wa kwanza. Ukinunua kitabu dukani, umenunua karatasi zile. Hukununua ruhusa ya kwenda kiwandani kuchapa vitabu vingine elfu moja ukauze. Picha nayo ni vivyo hivyo. Maktaba inaweza kuwa na masanduku mia ya picha za kale, ikazilinda kwa funguo na kwa mashine za kupunguza unyevunyevu, na bado isiwe na hakimiliki hata ya picha moja. Kinachomilikiwa na maktaba ni karatasi. Kazi iliyo juu ya karatasi hiyo huenda ikawa mali ya mtu mwingine aliye mbali, au huenda ikawa si mali ya mtu yeyote tena kwa kuwa muda wake umekwisha.

Muda huo haufanani katika nchi zote. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu mwaka 1994, unazitaka nchi wanachama zilinde picha kwa muda usiopungua miaka 25 tangu zilipopigwa. Kila nchi inaweza kuongeza. Kenya huhesabu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambao picha ilipigwa, au ilitolewa kwa umma, au ilichapishwa, na hutazamwa tarehe iliyo ya mwisho kati ya hizo. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huhesabu miaka 70 tangu mwisho wa mwaka aliofariki mpiga picha. Marekani, picha iliyochapishwa kabla ya mwaka 1978 yaweza kulindwa hadi miaka 95 tangu kuchapishwa. Tanzania Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo chini yake iliundwa COSOTA, na Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2003. Muda ukiisha, kazi huwa mali ya umma: mwalimu, mwandishi, mchoraji na mwanafunzi wote wana ruhusa sawa ya kuitumia.

Tazama sasa mwenyewe wa tatu anasimama wapi. Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, ambayo ilitumika pia katika makoloni yake, ililinda picha kwa miaka 50 tangu kutengenezwa kwa filamu au kioo chake cha kwanza. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu akiagiza picha na kuilipia, basi mwenye hakimiliki ni yeye aliyelipa, isipokuwa wakiwa wamepatana vingine. Maana yake ni kwamba karani au fundi cherehani aliyekwenda studio akatoa fedha yake ili apigwe picha ya arusi, alikuwa mwenye haki kamili juu ya picha ile. Lakini mchukuzi aliyepigwa njiani na mzigo wake kichwani, au mama aliyepigwa sokoni na mgeni mwenye kamera, hakulipa kitu. Kwa hiyo hakuwa na haki yoyote. Tangu hapo sheria imefuata mkono ulioshika kamera na mfuko uliotoa fedha. Uso haukuhesabiwa.

Mfano mkubwa wa jambo hili unatoka Marekani. Mwezi Machi 1936, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, mpiga picha Dorothea Lange alipita katika kambi ya vibarua wa mashamba ya njegere huko Nipomo, California. Baridi kali ilikuwa imeharibu mazao, na vibarua hawakuwa na kazi wala chakula. Akamkuta mama mmoja wa miaka 32 chini ya turubai pamoja na watoto wake, akampiga picha kadhaa. Katika ile iliyopata umaarufu, mama ameweka mkono shavuni, macho yakitazama mbali, watoto wawili wameficha nyuso zao mabegani kwake, na kitoto kichanga kimelala mapajani. Picha hiyo imejulikana ulimwenguni kote kwa jina la Mama Mhamaji. Gazeti la San Francisco lilipozichapa picha hizo, chakula kilipelekwa kambini upesi. Lakini mama yule na watoto wake walikuwa wamekwisha kuhama.

Lange alikuwa akifanya kazi ya kulipwa na serikali, na kwa sheria ya Marekani kazi ifanywayo na mtumishi wa serikali ya shirikisho katika utumishi wake haina hakimiliki. Tangu siku ya kwanza ni mali ya umma. Mwaka 1944 hazina yote ya picha za mpango ule ilihamishiwa Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington, nayo ina filamu zaidi ya 170,000. Mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuichukua nakala ya Mama Mhamaji na kuichapa bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo imechapwa katika vitabu vya shule, katika mabango, na mwaka 1998 katika stempu ya posta ya senti 32. Mwaka huo huo nakala moja ya zamani, yenye maandishi ya mkono wa Lange, iliuzwa mnadani kwa dola 244,500.

Na mama mwenyewe? Kwa zaidi ya miaka 40 ulimwengu haukujua hata jina lake, kwa kuwa Lange hakumwuliza. Lilijulikana mwaka 1978, pale alipojitokeza katika gazeti la mji wa Modesto, California: aliitwa Florence Owens Thompson, naye alikuwa wa asili ya Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa Marekani. Alisema kwamba alitamani picha ile isingalipigwa, maana hakupata hata senti moja kutokana nayo, hakuulizwa jina, na nakala aliyoahidiwa hakuletewa. Tena, maelezo yaliyoandikwa pamoja na picha yalidai kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari lake ili inunue chakula. Familia ikakanusha habari hiyo. Mwaka 1983 Bibi Thompson alipougua sana, wanawe waliomba msaada kwa umma, zikachangwa dola zipatazo 35,000, na barua nyingi zikaja kutoka kwa watu walioguswa na picha yake. Alifariki mwaka huo huo. Wanawe walisema kwamba barua zile ndizo zilizowafanya waanze kuitazama picha kwa fahari badala ya aibu.

Hapo, ndugu msomaji, hapana aliyevunja sheria. Maktaba ilitunza karatasi kwa uaminifu. Serikali iliacha kazi iwe ya umma, na hilo ni jambo la kheri, maana dhiki ya wale vibarua ilionekana na kila mtu. Hata hivyo mwenye uso alidhulumiwa vitu viwili ambavyo visingaligharimu chochote: jina lake, na ukweli wa habari zake.

Usidhani, kwa upande mwingine, kwamba mali ya umma haina wajanja wake. Mpiga picha Carol Highsmith, wa Marekani vile vile, alianza mwaka 1988 kuipa Maktaba ya Bunge maelfu ya picha zake, akataka wananchi wazitumie bure. Mwishoni mwa mwaka 2015 taasisi yake ikaletewa barua ya kudaiwa dola 120 kwa kutumia picha aliyoipiga yeye mwenyewe! Kumbe mawakala wa picha walikuwa wamezichukua kutoka hazina ile ya bure na kuwauzia watu vibali vya kuzitumia. Mwaka 2016 Bibi Highsmith alikwenda mahakamani mjini New York akadai dola bilioni moja kwa ajili ya picha zaidi ya 18,000. Madai yake makubwa yakatupwa mwaka huo huo, na yaliyobaki yakamalizwa nje ya mahakama. Kwa kuwa alikwisha kuitoa kazi yake kwa umma, hakuwa tena na hakimiliki ya kuitetea.

Fundisho lake ni hili. Maji ya mto ni ya wote, na mtu hakatazwi kuyachota akayauza kwa ndoo. Ila muuzaji huyo hana haki ya kukuzuia wewe usiende mtoni na ndoo yako. Basi kabla ya kulipa wakala kwa picha ya kale, hapana budi kwanza kuulizia kama picha hiyo haimo katika maktaba ambayo inaitoa bure. Hata kule kuipiga picha ya kale kwa mashine, ikatoka vile vile ilivyo, hakuzai haki mpya. Mahakama moja ya New York iliamua hivyo mwaka 1999 kuhusu nakala za michoro ya zamani, na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 linasema vivyo hivyo kuhusu kazi za sanaa ambazo muda wake umekwisha. Maktaba inaweza kutoza gharama ya utumishi, yaani saa za mfanyakazi, mashine na posta. Hiyo ni halali. Lakini gharama ya utumishi ni jambo moja na kununua haki ni jambo lingine, na mwombaji anastahili kuelezwa analipia lipi.

Sasa tugeukie picha za kwetu, maana nyingi haziko kwetu. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kilinunua mwaka 2002 mkusanyo wa Mwingereza Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki zilizopigwa kati ya miaka ya 1860 na 1960 hivi. Humo zimo Zanzibar, Mombasa, reli, masoko, mashua, askari na harusi. Mkusanyo huo umewekwa katika intaneti, hata mtu aliye Temeke au Kisumu anaweza kuutazama akiwa na simu yake. Nchini Ujerumani, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, zimo picha za Walther Dobbertin, aliyezunguka na kamera yake katika nchi hii wakati wa utawala wa Wajerumani na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Desemba 2008 hifadhi hiyo ilitoa picha zaidi ya 80,000 zitumiwe na umma katika intaneti, zikiwamo za Dobbertin, kwa sharti kwamba mtumiaji amtaje mpiga picha na hifadhi yenyewe.

Sharti hilo halikuwekwa ovyo. Dobbertin alifariki mwaka 1961. Kwa hesabu ya Ujerumani, hakimiliki ya picha zake itakwisha mwishoni mwa mwaka 2031, ijapokuwa baadhi yake zilipigwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa hiyo mwananchi wa Tanzania anayetaka kuweka katika kitabu chake picha ya mtaa wa Dar es Salaam wa wakati ule, na kitabu kikauzwe Ulaya, hana budi kulitaja jina la mpiga picha huyo. Jina la Dobbertin linalindwa na sheria hata leo. Majina ya wengi waliosimama mbele ya kamera yake hayakuandikwa. Chini ya picha za aina hiyo, ziwe zake au za wengine wa enzi zile, mara nyingi utakuta neno moja tu: mchukuzi, askari, mwanamke wa pwani, mtoto wa shule. Hawa walikuwa na mama zao, na wengine hapana shaka wana wajukuu wanaosoma gazeti hili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumezoea kulitumia neno hilo kwa fedha na ng'ombe, lakini picha nayo ni mali, na daftari lake ni jina. Jambo la kutia moyo ni kwamba daftari hili laweza kujazwa hata kama tumechelewa. Mwezi Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zipatazo 3,000 katika mtandao wa Flickr, ikawaomba watu wote waseme wanachojua. Watu wakajibu, wakataja majina ya waliopigwa, mitaa na miaka, na maktaba ikasahihisha mamia ya kumbukumbu zake kwa msaada huo. Ikiwa maktaba kubwa kama ile haikuona haya kuuliza, sisi tusione haya kujibu. Ukiona katika hazina yoyote picha ya mtu umjuaye, au ya mtaa uliokulia, waandikie watunzaji wake: taja namba ya picha, jina la mtu, na jinsi ulivyojua. Barua hiyo haihitaji wakili.

Kwa wale wanaokwenda maktaba kuomba nakala, iwe kwa kitabu cha historia ya ukoo, kwa maonyesho ya shule au kwa kalenda ya ushirika, maswali ya kuuliza ni machache. Nani aliipiga picha, na lini? Kama amefariki, alifariki mwaka gani? Je, alikuwa mtumishi wa serikali, au aliagizwa na mtu aliyemlipa? Picha iliwahi kuchapishwa wapi? Fedha ninayotozwa ni ya kazi ya kutoa nakala au ni ya ruhusa? Mkipatana, yaandikeni, na utakapochapisha usiache kutaja mpiga picha, maktaba, na namba ya picha, ili atakayekuja baada yako asianze upya kutafuta. Kwa masuala ya hakimiliki yenyewe, COSOTA kwa Bara na COSOZA kwa Zanzibar ndiko mahali pa kuulizia.

Kwa wale ambao wana picha nyumbani na wanafikiri kuzitoa kwa maktaba au makumbusho, kumbukeni kwamba kutoa karatasi na kutoa haki ni mambo mawili. Barua ya zawadi na iseme wazi: tunawapa picha hizi mzitunze, hakimiliki yetu tunawapa, au tunabaki nayo, watu wazitumie bure, au waombe ruhusa kwetu, na majina ya waliomo yachapwe kila mara. Msione aibu kuomba mbaki na nakala nzuri. Maktaba yenye nia njema haitakataa.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ni ile isiyohitaji maktaba wala sheria. Mtoeni babu ukutani Jumapili hii. Muiteni shangazi au mjomba aliye mkubwa kuliko wote, mkae naye mezani na albamu ya ukoo. Andikeni nyuma ya kila picha, kwa penseli na kwa mkono mwepesi, pembeni, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya na kuchafua upande wa pili. Tajeni waliomo tangu kushoto hadi kulia, kwa majina yao kamili na ya baba zao. Tajeni mahali, mwaka au hata makadirio yake, na studio kama inajulikana. Msibandike kwa gundi wala kwa utepe wa plastiki, msiziweke juani, na msizifungie mahali penye unyevunyevu. Mkishazipiga tena kwa simu, andikeni majina humo pia, maana picha ya simu isiyo na jina hupotea upesi kuliko ya karatasi.

Fanyeni haya wakati mzee mwenye kukumbuka bado yupo. Siku moja picha hizo nazo zitaingia katika hazina ya mtu mwingine, karibu au mbali, na atakayezikuta atasoma nyuma yake. Akikuta jina, atalichapa jina. Akikuta patupu, ataandika "mwanamke wa Kiafrika", na sheria haitamlaumu.

Tukutane Jumapili ijayo.